Baba mdogo ameleta isale: je, kumsamehe ni kuacha kudai kihamba?

Barua ya msomaji

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kilimanjaro, ninayeishi Morogoro na kufanya kazi ya ushonaji. Baba yetu alifariki mwaka 1999 akamwacha mama na sisi mabinti wawili; kaka hatukuwa naye. Baada ya matanga ukoo ulimkabidhi baba mdogo kihamba chetu, yaani shamba letu la urithi wa ukoo, akitunze mpaka tutakapokua. Tangu hapo pesa ya kahawa iliishia mikononi mwake, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili kwa kukosa ada, huku watoto wake wakiendelea kusoma. Mama alivumilia katika nyumba ile hadi alipofariki mwaka 2012. Mwaka 2016 baba mdogo aliuza sehemu ya chini ya kihamba, yenye makaburi ya wazazi wetu, kwa mtu wa mjini ambaye amejenga ukuta na kuweka geti. Tulipouliza tuliambiwa kwamba mtoto wa kike hana kihamba kwao, kihamba chake kiko kwa mumewe.

Mwaka jana nilipeleka malalamiko Baraza la Kata. Nilipokwenda nyumbani kwa Krismasi, wazee watatu walikuja jioni kwa mjomba nilikofikia, wameshika jani la isale, lile la kuombea radhi, wakasema baba mdogo ameumwa sana na anataka yaishe. Niliuliza, “Amesema amekosa nini?” Mzee mmoja akanijibu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sikulipokea lile jani. Walinionya kwamba isale haikataliwi na kwamba jambo hilo litawarudia watoto wangu.

Jumapili iliyofuata mchungaji wa usharika aliniita ofisini baada ya ibada. Alinisomea Wakorintho wa Kwanza sura ya 6, akasema Mkristo hamshtaki ndugu yake, kwa hiyo nifute malalamiko na kumpa baba mdogo mkono mbele ya washarika, na kwamba mpaka nitakapofanya hivyo nisiikaribie Meza ya Bwana. Baba mdogo ni mzee wa kanisa wa miaka mingi, na siku hiyohiyo alishiriki.

Mchungaji, nisikufiche la moyoni. Niliposikia mara ya kwanza kwamba anaumwa nilikuwa nakata kitambaa, nikajikuta naimba. Baadaye nilijiogopa. Jina lake silitamki nyumbani kwangu, na watoto wangu hawamjui. Tunaposali Sala ya Bwana nikifika kwenye deni nanyamaza, naendelea na yanayofuata. Dada yangu aliye Dar es Salaam ananiambia niache, ardhi haizikwi na mtu. Naomba unijibu: je, nikiendelea kudai kihamba nitakuwa sijasamehe? Na kama nimekosa kulikataa jani, nifanye nini?

Mama wa Morogoro

Majibu ya Mchungaji

Amina, binti yangu, na marahaba.

Swali lako la kwanza nitalijibu moja kwa moja, kwa kuwa umelisubiri muda mrefu: hapana. Mtu anaweza kumsamehe aliyemdhulumu kwa moyo wote na bado akadai arudishiwe kilichochukuliwa. Kusamehe ni kuacha kisasi, ni kukataa kumtakia mabaya mtu aliyekutenda mabaya na kumwachia Mungu hukumu yake. Kurudisha mali ni wajibu wa yule aliyeichukua, na wajibu huo haufutwi na wema wa moyo wako. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani kwake hakuna aliyemwambia kwamba sasa amesamehewa na fedha za watu zibaki kwake. Yeye mwenyewe alisimama akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang’anya kwa hila. Torati nayo, katika Hesabu sura ya 5, inamtaka mkosaji aungame kosa lake, arudishe kile alichokosea kwa ukamilifu wake, na kuongeza juu yake sehemu ya tano. Toba isiyogusa mfuko na mpaka wa shamba, pale ambapo mkosaji ana uwezo wa kugusa, bado haijakamilika.

Kwa wasomaji wasio wa Kilimanjaro nieleze kwamba isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi, na mtu anayeomba radhi hupeleka jani lake kwa aliyemkosea. Naiheshimu sana desturi hiyo, kwa sababu imezuia damu nyingi kumwagika katika koo nyingi. Lakini jani hubebwa pamoja na neno, na kwako lilikuja bila neno. Uliuliza swali la haki kabisa, kwamba mtu huyu anasema amekosa nini, nalo halikujibiwa. Methali uliyopewa badala ya jibu ni nzuri mahali pake, ila haihusiki na jambo ambalo halijapita: ukuta ungali umesimama leo, geti limefungwa leo, na wewe leo huwezi kufika kwenye kaburi la mama yako. Na ule mmea uliotumiwa kukuombea radhi ndio uleule ambao wazee wenu waliupanda kuonyesha ardhi ya kaka ilipoishia na ya mdogo wake ilipoanzia. Anayeutuma anapaswa kuukumbuka kwa kazi zake zote mbili. Kwa hiyo sioni kwamba umetenda dhambi kwa kutolipokea siku ile. Hayo ya laana kuwarudia watoto wako yaondoe kabisa moyoni, kwa kuwa Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu, na watoto wako wamebatizwa katika jina lake.

Sasa niseme juu ya Wakorintho, kwa heshima yote kwa mchungaji wako, ambaye naamini alitaka amani. Sura ile ya 6 inasema mambo matatu, nawe umesomewa moja tu. Ni kweli kwamba Paulo aliwauliza kama si afadhali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Lakini kabla ya hapo aliuliza kama hakuna kati yao hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kuamua kati ya ndugu na ndugu. Maana yake ni kwamba kanisa linalomzuia mtu asiende mahakamani limejitwika kazi ya kumsikiliza na kuamua. Na mara baada ya hapo aliwageukia waliodhulumu, akawaambia wazi kwamba wanawanyang’anya hata ndugu zao, na kwamba wadhalimu hawataurithi ufalme wa Mungu. Kuchagua kudhulumiwa kwa ajili ya Kristo ni njia ambayo mtu aliyeumizwa anaweza kuichagua mwenyewe, kwa hiari, mbele za Mungu. Haiwezi kuagizwa na mtu mwingine, na hasa haiwezi kuagizwa ili aliyechukua abaki nacho.

Isitoshe, huko ulikokwenda si mahali pa kumfunga mtu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, kazi yake ni kuwasuluhisha wahusika. Likishindwa ndipo shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuita watu wa kata wakae kati yako na baba yako mdogo ni jambo lililo karibu sana na ule ushauri wa Paulo wa kutafuta mwenye hekima wa kuamua. Usifute malalamiko hayo kwa shinikizo. Nakuomba pia uonane mapema na wakili au msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa sababu madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na namna ya kuhesabu mwanzo wa miaka hiyo penye mirathi ni suala la mtaalamu. Muulize pia kuhusu kuteuliwa msimamizi wa mirathi ya baba yenu, maana katika barua yako sikuona kwamba mahakama iliwahi kumteua mtu yeyote.

Kuhusu kauli kwamba mtoto wa kike hana kihamba, ninyi si wa kwanza kuambiwa hivyo. Mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika ukoo wake kwa sababu tu hakuwa na mwana. Musa aliipeleka haja yao mbele za Bwana, naye Bwana alisema kwamba wanasema lililo haki na wapewe urithi. Yako katika Hesabu sura ya 27, na natamani yangesomwa katika kila kikao cha ukoo kinachogawa mirathi. Katika nchi yetu, mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua, katika shauri la mwanamke wa Kagera aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, kwamba desturi iliyomnyima haki ambayo mwanamume anayo ilikwenda kinyume cha Katiba.

Nimekutetea, binti yangu, na sirudi nyuma kwa neno hata moja. Lakini ungeniandikia kuhusu ardhi peke yake ungemwandikia wakili. Umeniandikia kwa sababu ya ule wimbo uliotoka kinywani mwako ulipokuwa unakata kitambaa, na kwa sababu ya mstari wa Sala ya Bwana unaokukaba kooni. Hapo ndipo ninapotaka kukaa nawe zaidi.

Kuna maneno mawili ya Bwana ambayo watu huyachanganya. Katika Mathayo sura ya 5 anamwambia mtu aliyeleta sadaka madhabahuni kwamba akikumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza akapatane naye. Anayeambiwa hapo ni mkosaji. Neno hilo ni la baba yako mdogo, na kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa linamhusu zaidi. Unaweza kumwomba mchungaji wako, kwa upole na faraghani, alitafakari neno hilo kabla ya kukuzuia wewe na kumhudumia yeye. Lakini katika Marko sura ya 11 Bwana anasema kwamba kila tusimamapo na kusali tusamehe, tukiwa na neno juu ya mtu. Hapo anayeambiwa ni wewe. Wala hajasema tusubiri mpaka huyo mtu atubu, atume wazee, au arudishe shamba. Ameligusa jambo lililo ndani ya uwezo wako peke yako, mahali ambapo baba yako mdogo hana nafasi ya kukuzuia.

Kupatana kunahitaji watu wawili, na mmoja akikataa kusema kweli hakuwezekani. Ndiyo maana Paulo anawaambia Warumi wakae katika amani na watu wote ikiwezekana, kwa upande wao. Kusamehe kunamhitaji mmoja. Unaweza kuwa umesamehe na bado hamjapatana, na hali hiyo, ingawa inauma, si unafiki.

Afrika Mashariki tumewahi kumwona mtu aliyepita njia hii. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye miaka ya 1940 na 1950 alifundisha Dodoma, aliikimbia Uganda mwezi Februari 1977 pamoja na mkewe Mera, wakivuka milima kwa miguu hadi Rwanda, baada ya utawala wa Idi Amin kumuua Askofu Mkuu Janani Luwum. Alisimulia mwenyewe kwamba uhamishoni chuki dhidi ya Amin ilianza kuikausha roho yake, mpaka Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, alipolisikia upya lile ombi la Yesu msalabani kwa ajili ya waliomsulubisha, akaona kwamba naye hana budi kusamehe. Tangu siku hiyo alisema hadharani kwamba amemsamehe Amin na anampenda. Ninachotaka ukizingatie ni kile alichoendelea kukifanya: aliendelea kuueleza ulimwengu mauaji yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na aliendelea kuwasaidia wakimbizi. Alisema kweli juu ya uovu bila kumchukia mwovu, na nadhani ushuhuda wake ulipata nguvu kwa sababu hiyo, maana hakuna aliyeweza kudai kwamba anasukumwa na kisasi.

Utaniuliza unaanzia wapi. Soma tena mfano wa mtumwa asiyesamehe, Mathayo 18. Watu hukumbuka talanta 10,000 na dinari 100, lakini hupita haraka pale unapoanza: mfalme alitaka kufanya hesabu na watumwa wake. Deni lilitajwa kwanza, kwa kiasi chake, ndipo likaachiliwa. Nawe keti siku moja watoto wakiwa shuleni, uandike hesabu yako yote mbele za Mungu bila kupunguza: ada, pesa ya kahawa, machozi ya mama, kile kikao ulichoambiwa huna kwenu, ukuta, makaburi. Kisha angalia ni yapi katika hayo yanayoweza kurudishwa na mwanadamu. Ardhi inaweza kurudi, au sehemu yake, au fidia yake. Njia ya kufika makaburini inaweza kufunguliwa. Lakini ule mwaka wako wa kidato cha pili hautarudi, na hakuna baraza la kata wala la wilaya linaloweza kumrudishia mama miaka aliyoishi kwa unyonge. Nadhani sehemu kubwa ya uchungu wako iko kwenye haya ya pili, na kwa kuwa hakuna wa kuyalipa, umekuwa unayadai kwa kumtamania maradhi. Hayo ndiyo ya kumkabidhi Mungu, moja baada ya jingine, kwa kuyataja. Hutamaliza kwa siku moja. Petro aliambiwa saba mara sabini, na nionavyo mimi hesabu hiyo inawafaa pia watu wanaolazimika kulisamehe kosa lilelile kila linaporudi usiku.

Hasira yako iombee kwa Zaburi, wala usione haya kuzisoma zile kali. Mungu aliziweka katika kitabu chake ili mtu aliyedhulumiwa apate mahali pa kulalamika pasipokuwa mgongo wa adui yake. Ukishazizoea, nenda Zaburi ya 35, ambapo Daudi anasema kwamba adui zake walipougua yeye alivaa magunia akafunga kwa ajili yao. Jaribu siku moja kulitaja jina la baba yako mdogo katika sala ukimwombea nafuu, hata kama moyo unakataa. Hapo ndipo ule mstari wa deni utaanza kutamkika. Na watoto wako waambie kwamba wana babu mdogo, aliyewakosea sana bibi yao na mama yao, na kwamba mnamwombea. Wakiachwa wanyimwe hata jina lake, siku moja watalisikia kwa watu wengine, na watalirithi pamoja na chuki wasiyojua asili yake.

Halafu uende kwake, usingoje tena jani. Usiende peke yako. Nenda na mjomba wako, na kama shangazi yako yungali hai mwombe akusindikize, kwa sababu dada wa marehemu anaweza kumwambia mdogo wake maneno ambayo wewe huwezi. Msalimie kama baba. Mwambie, “Baba, shikamoo. Nimekuja kukuambia kwamba nimekusamehe, na kwamba nakuombea upone. Naomba pia uniambie mbele ya hawa ulichokifanya, na tuone pamoja kinachoweza kurudi.” Kisha nyamaza umsikilize. Huenda ana hofu kubwa kuliko unavyodhani. Mzee mgonjwa anayetuma watu watatu jioni hajatulia ndani yake. Akikiri, lipokee isale lake kwa mikono miwili siku hiyo, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi na kupelekwa Baraza la Kata, ili watoto wake na wa kwako wasije wakaanza upya. Kwa kuwa aliyenunua amekwisha kujenga, muwe tayari kuzungumza juu ya sehemu nyingine ya kihamba cha baba mdogo mwenyewe, pamoja na njia ya makaburini ambayo mnunuzi ataombwa kuiruhusu. Akikana au akikufukuza, muage kwa heshima, shauri liendelee, nawe uendelee kumwombea.

Kuhusu Meza ya Bwana, rudi kwa mchungaji wako umweleze hatua hizi, mwambie kwamba huna kisasi na kwamba unaomba usharika uteue watu wa kuwasikiliza ninyi wawili. Akiendelea kukuzuia, omba jambo lako lisikilizwe na baraza la wazee kwa utaratibu wa kanisa, baba yako mdogo akiwa hayumo katika kuamua. Kupeana mikono mbele ya washarika kabla ya kweli kusemwa usikubali, kwa kuwa mtawafundisha vijana waliokaa kwenye mabenchi kwamba msamaha ni namna ya kufunika mambo.

Na akifariki kabla hamjaonana, nenda msibani. Kaa na mke wake na watoto wake, saidia kupika na kubeba maji, wala usizungumze habari ya shamba siku hizo. Madai yako hayatazikwa pamoja naye. Utayaendeleza baadaye, kwa utulivu, dhidi ya mirathi yake kama wakili atakavyokuelekeza.